Kitenzi "Kula" na Tope la Mto Hudson

Tangu lini sumu ikawa chakula? Swali hili hawajiulizi waandishi wetu kila watangazapo kwamba maabara fulani imeunda bakteria "wanaokula" mafuta, "wanaokula" plastiki, "wanaokula" sumu isiyooza. Neno ni tamu, nalo hulaza watu usingizi.

Chimbuko la utamu huo lajulikana. Mwaka 1971 Ananda Chakrabarty, mzaliwa wa Bengal, akiwa mtafiti wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alikusanya ndani ya bakteria mmoja uwezo uliokuwa umetawanyika kwa wanne, ili avunjevunje mafuta ghafi. Tarehe 16 Juni 1980 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kiumbe hai kilichoundwa na binadamu chaweza kupewa hataza. Dunia ilishangaa. Bakteria yule hakupata kutumika baharini kulamba hata tone la mafuta.

Na kampuni hiyohiyo ilikuwa na tope lake. Kuanzia 1947 hadi 1977 viwanda vyake viwili, Hudson Falls na Fort Edward, jimbo la New York, vilimwaga mtoni Hudson kemikali ziitwazo PCB, kiasi kinachokadiriwa kufika ratili 1,300,000. Zilipendwa katika vifaa vya umeme kwa kuwa haziungui upesi wala haziharibiki. Sifa iyo hiyo ndiyo iliyozikalisha topeni, zikaingia katika mafuta ya samaki, na kwa samaki zikamfikia mlaji.

Hapo kitenzi kikaajiriwa. Mwaka 1987 wataalamu wa kampuni walionyesha kwamba bakteria wa asili wa tope lile hung'oa klorini katika PCB. Ni kweli, ila kung'oa si kula. Molekuli hubaki, imepunguziwa mzigo tu. Mwaka 1991 wakasimika mapipa makubwa ya chuma mtoni, wakawapa bakteria hewa na virutubisho, na PCB ndani yake zikapungua kwa asilimia 37 hadi 55. Bakteria walioletwa kutoka maabara hawakuongeza kitu kwa wenyeji. Kazi hiyo yastahili heshima, na anayeibeza hajui ugumu wa PCB. Lakini pipa si mto, ilhali madai kwamba mto unajisafisha wenyewe yaligeuzwa ngao ya kupinga kuchimbua tope.

Amri ya kuchimbua ilitoka mwaka 2002. Mitambo na matishari vilifanya kazi kati ya 2009 na 2015, vikazoa tope la yadi za ujazo zipatazo 2,750,000.

Kiswahili hakikukosa vitenzi: kung'oa, kumega, kuguguna, kuvunja. Mwenye kushikilia "kula" na aandike, katika sentensi iyo hiyo, kilichobaki sahanini, aliyemwaga, na atakayelipa. Huko Hudson ya juu, idara ya afya ya jimbo bado inawashauri watu wasile samaki.