Tuifungulie Hewa Mlango Kabla ya Kununua Baridi

Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka kwamba katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzazi mmoja alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi mengi. Alisema kuwa watoto wanateseka kwa joto, na kwamba yafaa wazazi wachange fedha, viyoyozi vinunuliwe na kufungwa katika mabweni na katika bwalo ambamo mitihani hufanyiwa. Sisi wanafunzi tuliokuwa tukipanga viti kule nyuma tulipiga makofi kuliko watu wote. Mimi pia nilipiga. Leo naomba nafasi nipate kueleza kwa nini nimebadili mawazo yangu.

Sisemi kwamba joto si kitu. Mji wetu wa Morogoro umekaa miguuni pa milima ya Uluguru, mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya joto jua la mchana hupita nyuzi 30. Kilele cha Bondwa, tunachokiona kila asubuhi kikiwa kimejifunika mawingu, kina urefu wa zaidi ya mita 2,000, na huko juu watu huota moto. Sisi huku chini hujigeuza juu ya magodoro kama maandazi katika karai.

Katika bweni letu tunalala watu 48. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, mwenzangu alalaye kitanda cha chini yangu, ambaye ana ugonjwa wa pumu, alishindwa kupumua. Tulimbeba mpaka nje, tukamkalisha chini ya mwembe hata mwalimu wa zamu alipofika na dawa yake. Siku ya pili alituambia kwamba alipofika nje tu alisikia kifua kinaanza kufunguka, kabla ya dawa. Jambo hilo lilinikaa moyoni, maana usiku ule hata nje palikuwa na joto. Mwenzetu hakupata baridi pale mwembeni. Alipata hewa.

Likizo ya Juni nilikaa Kihonda kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa muda wa wiki tatu nilimchukulia ngazi na mfuko wa spana, na kila tulipopumzika nilimwuliza maswali. Hivyo nilijifunza kwamba kiyoyozi cha kawaida kina masanduku mawili, moja ndani na moja nje, yaliyounganishwa kwa mabomba membamba ya shaba. Ndani ya mabomba hayo mna kitu ambacho hugeuka kutoka kimiminika kuwa gesi, kisha hurudi kuwa kimiminika. Kikigeuka gesi ndani ya chumba hunyonya joto. Kikishindiliwa na mashine kule nje huliacha joto lile. Ni somo lile lile la Fizikia tulilofundishwa darasani, na ndiyo sababu jasho likikauka mwilini mtu huona baridi. Basi kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hulichota joto la ndani na kulimwaga nje, kama mvuvi anavyochota maji katika mtumbwi unaovuja.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili: mashine hiyo haileti hewa mpya. Huivuta hewa ile ile iliyomo chumbani, huipoza, na kuirudisha. Tena ili ifanye kazi vizuri, sharti milango na madirisha yafungwe. Hebu fikirini maana yake kwa bweni la watu 48. Tutafunga kila kitu saa nne za usiku, na mpaka alfajiri tutakuwa tunavuta pumzi tulizokwisha kuzivuta. Mmoja akiwa na mafua, wote tutayapata. Na kuna ugonjwa mbaya kuliko mafua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na waganga hutuambia kila siku kwamba ugonjwa huo husafiri kwa hewa, na kwamba hupenda vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha upepo. Mwenzetu mwenye pumu angekaa namna gani katika chumba cha namna hiyo? Angekuwa na baridi, lakini hewa asingekuwa nayo.

Pili, yafaa tupige hesabu. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Watu 48 hutoa wati 3,360. Kiyoyozi kidogo kinachouzwa sana mjini, kile ambacho mafundi hukiita cha 12,000, huondoa joto la wati 3,500 hivi. Maana yake ni kwamba mashine moja nzima itafanya kazi usiku kucha kuondoa joto la miili yetu tu, kabla haijaligusa joto linaloshuka kutoka kwenye mabati na kuta zilizochomwa na jua mchana kutwa. Mjomba wangu alinambia kwamba bweni kama letu lahitaji mashine sita. Kila moja hula umeme wa kilowati moja hivi. Zikifanya kazi kwa saa nane, ni yuniti 48 kwa usiku mmoja, kwa bweni moja. Pangaboi sita kwa saa hizo hizo hazifikishi yuniti nne. Ni nani atakayenunua LUKU hiyo baada ya furaha ya siku ya kwanza kwisha? Mashine zikizimwa kwa kukosa umeme, tutabaki na madirisha yaliyofungwa na masanduku meupe ukutani.

Nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Tuliitwa katika ofisi moja hapa mjini. Mwenye ofisi alilalamika kwamba kiyoyozi chake kipya hakipozi. Mjomba hakufungua hata mfuko wake. Alitazama juu. Dari lilikuwa limetoboka mahali pengi, na mtu aliweza kuyaona mabati juu yake. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya kupita paka. Mjomba akasema, "Mzee, mashine yako ni nzima. Nyumba yako ndiyo mgonjwa." Maneno hayo nayakumbuka kila ninapoingia bwenini.

Basi niliporudi shuleni nililizunguka bweni letu, daftari mkononi. Wale waliolijenga zamani hawakuwa wajinga. Juu ya madirisha waliweka tofali za matundu ili hewa ya moto, ambayo siku zote hupanda juu, ipate mahali pa kutokea. Nilizihesabu tofali hizo, nikakuta ni 24. Katika hizo, 12 zimezibwa kwa saruji wakati wa matengenezo, na 7 zimezibwa na sisi wenyewe kwa karatasi na matambara kwa kuogopa mbu. Zilizobaki wazi ni 5. Madirisha mengine hayafunguki kwa kutu, na mengine yamezuiwa na vitanda. Yale mapya ya alumini ni mazuri kwa kutazama, lakini ni ya kusukuma, na hata ukilifungua dirisha lote, nusu yake hubaki kioo. Dari hakuna; tunalala chini ya mabati matupu. Hivi ndivyo ilivyo nyumba yetu. Kwa maoni yangu nayo ni mgonjwa, na mgonjwa huyu hatatibiwa kwa kupakwa barafu.

Wazee wetu waliijua elimu hii bila kuwa na mashine yoyote. Tazameni nyumba za Kiswahili za Mji Mpya na Mwembesongo. Katikati kuna ukumbi mrefu utokao mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vikiwa huku na huku. Ukifungua milango miwili, upepo hupita moja kwa moja. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kuta ni nene, dari ziko juu, na vichochoro ni vyembamba hata jua halipati nafasi. Sisi hapa tunao upepo unaoshuka kutoka Uluguru jioni jua linapotua. Mungu ametupa kiyoyozi kikubwa kisichohitaji LUKU, nasi tumekizibia kwa saruji na matambara.

Watu wengine watasema kwamba ninapinga maendeleo. Watasema, "Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina viyoyozi, na stesheni yake ni ya kisasa, kwa nini watoto wetu wakae kama watu wa zamani?" Swali hilo ni la haki. Lakini treni ilichorwa na mafundi tangu mwanzo iwe na viyoyozi, na iliwekewa njia za kuingiza hewa safi. Bweni letu halikuchorwa hivyo. Kulifunga mashine bila ya kulitengeneza kwanza ni kumvika suti mtu ambaye hajaoga.

Tena si kweli kwamba nakikataa kiyoyozi. Kila kitu kina mahali pake. Mmarekani Willis Carrier, aliyebuni mtambo wa kwanza wa namna hii mwaka 1902, hakuubuni kwa ajili ya starehe ya watu. Aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu hata rangi hazikuweza kukaa mahali pake. Basi mashine hii kazi yake ya asili ilikuwa kulinda vitu. Chumba chetu cha kompyuta kina vitu vya kulindwa. Ni kidogo, kina dari, na hutumiwa na watu wachache kwa zamu. Hapo nasema kiyoyozi kimoja kifungwe, tena mwaka huu.

Na kitakapofungwa, kifungwe na fundi aliyesomea, awe wa VETA au mwingine mwenye cheti. Nimeona kazi hiyo. Si kutundika sanduku ukutani tu. Sharti sanduku la nje likae kivulini na penye nafasi. Bomba la maji lapasa kuteremka, la sivyo maji yatarudi chumbani. Waya wake utoke kwenye ubao mkuu wa umeme na uwe na swichi yake yenyewe. Usiunganishwe na waya mwembamba wa taa, maana hapo ndipo moto unapozaliwa. Mabomba yanyonywe hewa yote kwa pampu kabla gesi haijafunguliwa. Na ile gesi isiachwe kutoka ovyo. Kilo moja ya baadhi ya gesi hizo huipasha dunia joto kama kilo 2,000 za hewa ya ukaa, na ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu Warwanda, yakakubaliana kuzipunguza.

Sasa, fedha za wazazi zitumike namna gani? Haya ndiyo mapendekezo yangu. Kwanza, tofali zote za matundu zizibuliwe na ziwekewe wavu wa mbu. Mwizi hawezi kupita katika tundu la tofali, na mbu hawezi kupita katika wavu. Pili, madirisha yenye kutu yatengenezwe, na yale mapya yajayo yawe ya kufunguka yote. Tatu, dari liwekwe, na katika kuta za pembeni zilizo juu ya dari pawe na matundu ya kutolea joto la mabati. Nne, pangaboi zifungwe. Tano, feni ya kutolea hewa ifungwe katika maabara ya Kemia, maana kila mtu aliyefanya jaribio la amonia anajua tulivyotoka tukilia machozi. Sita, tupande miti ya kivuli upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma kuta. Hiyo ya sita haihitaji mchango wa mzazi yeyote. Yahitaji majembe, nasi tunayo.

Wala wanafunzi wenzangu wasidhani kwamba kazi yetu ni kungoja. Jumamosi iliyopita sisi watu wanne tulipata ruhusa ya mwalimu wa bweni, tukatoa karatasi na matambara katika zile tofali 7, tukapigilia wavu. Sitawadanganya: joto halikuisha. Lakini ile harufu nzito iliyokuwa ikitupokea kila kengele ya asubuhi imepungua, na mwenzangu mwenye pumu amehamishiwa kitanda kilicho chini ya tundu mojawapo. Hajatolewa nje usiku tangu siku hiyo. Hizi ni siku chache tu, najua, nami sisemi kwamba ni dawa.

Mimi nitafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, kisha nitaondoka. Kama bwalo litafungwa viyoyozi kabla ya hapo, nitakuwa miongoni mwa watakaofaidi, nami nakiri kwamba nafsi yangu inavipenda. Lakini baada yetu watakuja wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, nao watalala katika bweni lile lile kwa miaka minne. Hao ndio wanaonifanya niseme. Wazazi na walimu wamenizidi umri na elimu, na kama nimekosea naomba wanisamehe na wanisahihishe katika gazeti lijalo. Nawaomba neno moja tu: kabla ya kwenda dukani kuuliza bei ya viyoyozi, tafadhali waje usiku mmoja, saa sita, wasimame katikati ya bweni letu na kuvuta pumzi. Kisha waamue.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne