Huo Si Uso Mkavu

Kuanzia mwaloni Musoma hadi vijiwe vya bodaboda Bunda, mtu aliyewahi kuugua saikosisi, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo ambayo hayapo, husemwa sana. Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka mingi. Mengi si kweli, na yanawaumiza watu ambao wameumia vya kutosha.

"Hana hisia. Kwenye msiba anakutazama tu, uso mkavu." Mwaka 1996, watafiti Ann Kring na John Neale wa Marekani waliwaonyesha wagonjwa wa skizofrenia, aina mojawapo ya saikosisi, vipande vya filamu vya kufurahisha, vya kusikitisha na vya kutisha. Nyuso zao zilibadilika kidogo kuliko za watu wenye afya, lakini walipoulizwa walivyojisikia, hawakuwa na hisia pungufu. Tena baadhi ya dawa zenyewe hukaza misuli ya uso. Yule aliyekaa kimya kwenye matanga Butiama, huzuni anayo. Ni vile tu haifiki usoni.

"Anachoma sindano yake kila mwezi na ametulia. Akishindwa kazi, ni uvivu." Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu husemwa hata na ndugu wanaompenda. Sindano hupunguza sauti na hofu za uongo. Uwezo wa kusoma uso wa mwenzako ni jambo jingine, na dawa huusaidia kidogo mno. Tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba wenye skizofrenia hukosea zaidi kutambua hisia usoni, hasa hofu na hasira, na baadhi yao huona ubaya kwenye uso ambao haukusema chochote.

Mfikirie kijana anayepima dagaa kwa kisado, saa sita mchana. Mbele yake kasimama mama mmoja, mteja, kakunja uso kwa kuwa jua linapiga kwenye maji ya ziwa na kumrudia machoni. Kijana anaona hasira. Anaamini anadhaniwa mpunjaji. Anamjibu mama wa watu kwa ukali, au anaweka kisado chini na kwenda zake, na jioni tajiri anamwambia asirudi kesho. Mikono yake ilikuwa mizima na hesabu alizipatia. Kilichomponza ni uso mmoja aliousoma vibaya.

Na mambo haya yameshapimwa. Mwaka 2011 Anne-Kathrin Fett na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba uwezo wa kuwaelewa watu wengine unahusiana zaidi na maisha ya kila siku, yaani kazi, marafiki na kujitegemea, kuliko kumbukumbu au umakini. Umaskini na unyanyapaa navyo vina sehemu yake, lakini dai la uvivu halisimami hapo.

"Ni mapepo." Anayetaka kuombewa aombewe. Kliniki asiiache.

Wasomi nao wana la kwao: "Picha za kipimo hazidanganyi." Picha nyingi zinazotumika kupima utambuzi wa hisia usoni ni za nyuso za Wazungu. Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walionyesha mwaka 2002 kwamba watu, hata wenye afya, hutambua vizuri zaidi hisia za watu wa jamii yao. Mzanaki akikosea uso wa mgeni kwenye karatasi, usikimbilie kuandika kwamba ni ugonjwa.

"Basi, hakuna la kufanya." Lipo. Ujerumani, Wolfgang Wölwer na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya mafunzo ya kutambua hisia usoni, na waliofundishwa waliboreka. Hapa kwetu, mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliwakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja Dar es Salaam na Mbeya, wajifunze ugonjwa na namna ya kuishi nao.

Nyumbani tunaweza kuanza leo, bila mtaalamu wala gharama. Usimwachie mgonjwa aukisie uso wako. Ukichoka, mwambie umechoka. Ukiwa umekunja uso kwa sababu ya jua, mwambie ni jua. Akikukosea, mwite pembeni umweleze kwa maneno mafupi, bila kumfokea. Nawe tajiri wa dagaa, kabla ya kumfukuza kijana huyo, muulize aliona nini kwenye uso wa yule mama.