Kizuri Chajiuza, Lakini Bei Aliipanga Nani?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Rwanda hufundishwa methali mbili, pengine katika kipindi kimoja. Ya kwanza ni "uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi". Ya pili ni "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Tunaziandika zote mbili daftarini, tunazijibia mtihani, na hakuna anayeuliza ni ipi tunayoishi. Mimi nauliza, na jibu langu ni hili: tunaishi ya pili. Ya kwanza tunawapa wale waliokwisha kuumizwa na ya pili, kama pole ya msibani.

Mimi ni mweusi, tena mweusi tii. Mtu wa rangi ya maji ya kunde kwa Kinyarwanda huitwa inzobe, na neno hilo huwa sifa kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mimi sijawahi kuitwa hivyo.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, hoteli moja mjini Kigali ilitafuta wasichana wawili wa mapokezi kwa siku za mwisho wa wiki. Tulikwenda watatu. Kati yetu ni mimi peke yangu niliyeweza kuzungumza na mgeni kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Meneja alitazama picha niliyoambatisha kwenye barua, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kabisa: "Dada, wewe tungekupa nafasi ya jikoni." Hakuniuliza swali hata moja. Sina dharau na kazi ya jikoni, mama yangu ametusomesha kwa kupika. Kilichoniuma ni kwamba usaili wangu ulifanywa na ngozi yangu, na mimi sikuitwa.

Wiki ile nilinunua mkorogo. Sitajificha. Neno lenyewe tumelichukua kutoka Kiswahili, nasi tunasema mukorogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 polisi na wakaguzi wamekuwa wakipita madukani na kukamata vipodozi vya aina hiyo, kwa hiyo niliuziwa chini ya meza, katika kopo lisilo na jina. Nilijipaka kwa miezi mitatu.

Sasa nitasema jambo ambalo wahubiri wa afya hawalisemi: mkorogo ulifanya kazi. Majirani waliniambia nimependeza. Wavulana waliokuwa wakinipita bila salamu walianza kunishikia kiti darasani. Mhadhiri mmoja, ambaye nilikuwa nimekaa mbele yake muhula mzima, aliniuliza jina langu kwa mara ya kwanza. Nilichaguliwa kuwapokea wageni katika sherehe ya idara. Akili yangu haikuwa imeongezeka hata punje. Niliacha pale mashavu yalipoanza kuwaka juani na mabaka kujitokeza chini ya macho. Rangi ilirudi, na kimya kikarudi pamoja nayo.

Ndiyo maana nasema vita yetu dhidi ya mkorogo ni nusu vita. Onyo ni la kweli: zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Mwaka 2022 Bunge la Afrika Mashariki lilitaka bidhaa zenye haidrokwinoni zipigwe marufuku katika Jumuiya nzima. Naunga mkono. Lakini msichana anayejipaka si mjinga. Amepiga hesabu. Ameona kazi zinakwenda wapi, heshima inakwenda wapi, akaamua kulipia kwa ngozi yake. Mkimnyang'anya kopo na kuiacha hesabu ileile, atatafuta kopo jingine. Ajabu ni kwamba anayekamatwa ni muuza mafuta, na anayetaka picha kwenye barua ya kazi haguswi.

Na ni nchi gani inayopaswa kulijua hili kuliko yetu? Wataalamu wa kikoloni walipima pua, mafuvu na urefu wa Wanyarwanda, wakadai kwamba warefu wenye pua nyembamba wamezaliwa kutawala. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waligawa vitambulisho vyenye kabila la kila mtu, na nafasi za shule na vyeo zikafuata mgawanyo huo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na asiyekuwa nacho alisomwa uso. Sisemi kwamba kunyimwa kazi ya mapokezi kunalingana na hayo. Hakulingani hata kidogo. Nasema sisi tuliozaliwa baadaye tumelelewa tukikatazwa kusoma thamani ya mtu kwenye pua yake. Somo la pua tumelielewa. Kwa nini la ngozi linatushinda?

Wapo watakaosema kupenda kizuri ni maumbile. Sawa, pendeni. Lakini macho hufundishwa. Katika hadithi ngapi tulizosoma darasani mpendwa ni maji ya kunde, mwenye pua iliyochongoka, na mwenye roho mbaya ndiye mwenye sura mbaya? Tunachambua tamathali zake za usemi, tunapata alama, tunaendelea. Wengine watasema nina wivu. Labda ninao. Mwenye njaa akilalamika kwamba chakula kimegawanywa vibaya, njaa yake haifanyi mgawo uwe wa haki.

Wahadhiri wetu, tunawaheshimu, kwa hiyo tunawaambia. Mnapochagua wa kupokea wageni, wa kusoma shairi jukwaani, wa kupigwa picha ya tangazo la idara, jiulizeni ni kwa nini kila mwaka ni sura za aina moja. Mnapotufundisha uhusika, tuulizeni pia nani alipewa uzuri na kwa nini. Nanyi wanafunzi wenzangu, acheni kumsifu mtu kwa kumwambia "umekuwa mweupe". Hiyo si sifa. Ni kumwonyesha njia ya kwenda dukani.

Mdogo wangu ana miaka kumi na miwili, na ni mweusi kama mimi. Juzi alinikuta natazama mabaka yangu kwenye kioo, akaniuliza kama yale mafuta bado yanauzwa. Nilimwambia yana sumu. Akanijibu: "Najua. Lakini yanauzwa?"