Siku ya 1280 Ilikuwa Lini?

Barua ya wazi kwa wakuu wa udahili wa vyuo vikuu vya Marekani



Jumanne na Alhamisi jioni mimi hukaa kwenye meza ya pembeni katika maktaba moja ya umma hapa Houston, nikiwasaidia hisabati watoto wa Waswahili. Wengi wazazi wao wametoka Kongo, wachache Burundi na Tanzania. Nilifundisha Morogoro kabla ya kuhamia huku, basi wananiita Mwalimu, nami sijawakataza.

Jioni moja binti wa darasa la 12 alitoa karatasi mbili za matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, akazilaza mezani sambamba. Ya Machi: Kusoma na Kuandika 590, Hisabati 640, jumla 1230. Ya Agosti: 640 na 610, jumla 1250. Nikamweleza kwamba chuo anachokitaka kitachukua 640 ya Agosti, kitachukua na 640 ya Machi, kisha kitamhesabia 1280. Akazitazama tena zile karatasi, moja baada ya nyingine.

“Mwalimu, sasa hiyo siku niliyopata 1280 ilikuwa lini?”

Tulicheka wote. Lakini nilirudi nyumbani na swali hilo, na ndilo lililonikalisha niwaandikie.

Nitangulize kusema kwamba sipingi kuunganisha alama. Kwetu Tanzania mtu kurisiti si aibu. Wako walimu na waganga wazuri tu waliofika walipofika kwa kurisiti. Mtihani wa saa mbili na dakika 14 unaweza kumkuta mtoto na mafua, au usiku huo majirani walikuwa na sherehe. Kumhukumu kwa Jumamosi moja ni ukatili, na nyinyi mnaounganisha mmeliona hilo. Nawashukuru.

Tatizo langu ni idadi ya Jumamosi.

Alama ya SAT inacheza. College Board wenyewe, wenye mtihani, huandika kwenye karatasi ya matokeo kwamba alama ya kila sehemu ina nafasi ya kupanda au kushuka kama pointi 30 bila mtoto kuongeza wala kupunguza ujuzi wowote. Ni kama mizani ya sokoni ambayo mshale wake hautulii. Sasa mchukueni mkulima anayeruhusiwa kupima gunia lake la pamba mara tano na kuandikiwa uzito mkubwa kuliko yote, mwenzake apime mara mbili tu. Hakuna aliyeiba. Lakini mwisho wa siku wa kwanza analipwa zaidi, na pamba ni ileile.

Kwenye meza yangu yupo pia kijana ambaye baba yake ni mhandisi. Ni mtoto mpole, mwenye bidii, na sina neno naye. Ameufanya mtihani mara tano. Kusoma na Kuandika alipata 610, 600, 650, 630 na 620. Hisabati alipata 630, 660, 620, 640 na 680. Siku yake bora kabisa ilimpa 1300. Nyinyi mtamwandikia 1330, kwa sababu mtachukua 650 ya mara ya tatu na 680 ya mara ya tano. Zile 610 na 600 za mara mbili za kwanza hamtaziona kamwe: tangu 2009 College Board humruhusu mtahiniwa kuchagua matokeo ya siku zipi yatumwe, na wengi wenu mmeridhika na hilo.

Ada ni dola 68 kwa kila mtihani. Mara tano ni dola 340, bado mafuta ya gari na mwalimu wa kulipwa. Yule binti alifanya kwa msamaha wa ada, na msamaha wa College Board kwa mtoto wa kipato cha chini hulipia mitihani miwili. Miwili basi. Na hata angepewa wa tatu, Jumamosi mama yake yuko kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, naye ndiye anayebaki na wadogo zake watatu. Ule wa Agosti aliufanya kwa sababu shangazi yake alibadilishana zamu. Wachumi Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith walishaonyesha kwamba kurudia SAT hupandisha alama, na kwamba watoto wa familia zenye kipato kidogo hurudia mara chache kuliko wenzao. Hili si geni kwenu. Utafiti huo mmeusoma kabla yangu.

Ombi langu ni hili: unganisheni alama za mitihani miwili ya kwanza tu. Msamaha unapoishia, na kuunganisha kuishie hapohapo. Anayetaka kuufanya mara sita aufanye, ni hela yake na Jumamosi zake, ila kuanzia wa tatu msiuhesabu.

Nimejaribu hesabu hiyo kwa watoto wangu wawili. Binti anabaki na 1280. Kijana, kwa mitihani yake miwili ya kwanza, anapata 610 na 660: 1270. Siwaambii kwamba binti ni bora kuliko yeye. Nawaambia kwamba pengo la pointi 50 mlilokuwa mkiliona kati yao lilikuwa la pochi.

Mtaniambia haiwezekani kujua mtu ameufanya mara ngapi. Georgetown kwa miaka mingi imewataka waombaji watume alama zote, na haijakosa waombaji. Mtaniambia pia kwamba mnaangalia mambo mengi, si alama peke yake. Naamini. Basi pointi 50 zisiwaume kuziacha, isipokuwa kama wasiwasi uko kwenye zile alama za kati za wanafunzi wapya mnazozichapisha kila mwaka, ambazo kuunganisha huzinenepesha. Hilo mtakuwa mnalijua nyinyi.

Wenzenu wa University of California walikwisha kuacha kutazama SAT kabisa. Sitaki mfike huko. MIT iliporudisha mtihani 2022, na Dartmouth ilipofuata 2024, hoja moja ilikuwa kwamba alama humsaidia mtoto mwenye akili aliyetoka shule isiyo na jina aonekane. Nilifurahi niliposoma hivyo, maana hao ndio ninaokaa nao mezani. Ila mtoto huyo mnamwona kwa Jumamosi mbili, jirani yake kwa tano, halafu mnawapanga kwenye mstari mmoja.

Wiki iliyopita mama yake binti alipita maktaba kumchukua, bado na sare ya kazi. Amesikia kwamba ukirudia alama hupanda, na kwamba zikishuka hazihesabiwi. Aliniuliza kama wamlipie wa tatu kwa hela yao, na kama zile dola 68 hurudishwa alama zisipopanda.

Nikamwambia hazirudishwi. Akasema basi watalifikiria mwisho wa mwezi.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati wa kujitolea, Houston