Wanakata bomba, mapafu ni yetu

Wandugu wamotari, na ninyi wote munaopanda pikipiki kila siku hapa Butembo,

Kuna biashara imeingia kwa mafundi na hatuwezi kuinyamazia. Mutu anapeleka pikipiki yake kwa sababu imepoteza nguvu. Fundi anamwambia: "Shida iko ndani ya bomba ya moshi. Tutoe ile kitu, itakimbia kama mpya." Anakata, anachomelea bomba tupu, mwenye pikipiki analipa. Na ile kitu inabaki kwa fundi. Kwa nini hairudishi?

Inaitwa katalizeri. Ndani iko kama sega la nyuki, imepakwa platini, paladi na rodi, madini ya bei kali. Njo maana iko na wanunuzi. Moshi wa injini ukipita humo, monoksidi ya kaboni inapungua sana, na esansi ambayo haikuungua inamalizikia humo. Hiyo monoksidi haina harufu wala rangi, na katika damu inachukua nafasi ya oksijeni. Nani anaivuta? Motari mwenyewe, toka asubuhi mpaka usiku. Na wengi wetu wenye lisansi sandukuni njo tuko hao wamotari. Halafu mama anayeuza ndizi kando ya barabara, mtoto mgongoni.

Na nguvu je? Kama katalizeri imeziba kweli, kuna kitu kimeiziba: injini inakula oili, buji haiwaki vizuri, ao esansi inaingia kupita kiasi. Ukikata bomba, ugonjwa unabaki. Injini itaendelea kula oili na wewe utaendelea kulipa.

Wengine watatujibu kwamba pikipiki nyingi zinafika hapa bila hiyo kitu. Ni kweli. India ilikaza kanuni zake za moshi tarehe 1 Aprili 2020, kwa zile zinazouzwa kwao. Sisi tunaletewa za bei ndogo. Na inchi hii njo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ili wengine watembee kwa batri bila moshi! Basi tukate hata zile chache ziko nayo?

Sasa kwa wakubwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na Serikali inalinda afya ya raia. Barabarani motari anasimamishwa kila siku: permi, asiransi, plaki, vinyeti. Anatoa franga, anapita na moshi wake. Hatuombi taksi mpya (tunajua mutakimbilia hapo). Tunadai moshi upimwe kwenye kontrole, kuanzia magari ya wakubwa wenyewe, na yule anayenunua katalizeri zilizokatwa aulizwe zimetoka wapi.

Na wewe motari, fundi akishika msumeno, mwambie afungue buji kwanza. Akikataa, ondoka na pikipiki yako, bomba ikiwa nzima.