Msivionee vyuma vya meno

Hivi jamani, kila taya likilia mkosaji ni daktari wa meno? Dada yangu alivaa vyuma vya kunyoosha meno akiwa sekondari. Leo akipiga mwayo, taya linalia "ka!" na mama anasema ni vile vyuma. Sasa hataki mdogo wetu avae, ingawa kutafuna kwake ni shida.

Mama hayuko peke yake. Mwaka 1987, jimboni Michigan, Marekani, baraza la mahakama lilimpa ushindi binti aliyedai matibabu hayo yalimharibia kiungo cha taya. Tafiti zikaongezeka. Mjini Cardiff, Wales, watoto zaidi ya 1,000 wa miaka 11 na 12 walianza kuchunguzwa mwaka 1981, wengine wakafuatiliwa kwa miaka 20. Matokeo yalitoka 2009: vyuma havileti matatizo ya taya, wala haviyazuii.

Matatizo hayo mara nyingi huanza ujanani, umri uleule wa kuvaa vyuma. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto vyuma kwa hofu hii, na daktari asiviuze kama kinga ya taya. Dada naye atibiwe, asipewe lawama za kutafuna. Mnasemaje?