Chombo cha muziki ndani ya motokari: simama kwanza, kisha tengeneza



Katika kambi zetu watu wengi wanatunza bado vile vyombo vidogo vya muziki vya zamani: iPod yenye gurudumu la kidole, MP3 ya bei ndogo, hata Walkman ya kaseti aliyoiacha baba. Walkman ya kwanza ya Sony ilitoka mwaka 1979. iPod ya kwanza ilitoka mwaka 2001, na Apple iliacha kabisa kuzitengeneza mwaka 2022. Basi kila iPod unayoiona leo ni mzee. Chombo hicho kimetoka mfukoni, kimeingia ndani ya motokari, kimefungwa kwa waya kwenye redio. Na kama mzee yeyote, kinaugua mara kwa mara.

Utaniuliza: mganga msaidizi na mashine za muziki, wapi na wapi? Ndugu yangu, sisi wa dispanseri hatupokei mashine, tunapokea watu. Tunampokea dereva aliyeinama kutafuta waya wakati motokari inakwenda. Tunampokea mtu wa miaka arobaini ambaye hasikii tena maneno ya mtoto wake. Kwa hiyo na mimi nina neno katika jambo hili.

Wako wanaosema: tupa takataka hiyo, weka muziki katika simu. Mimi sikubaliani nao. Chombo cha zamani kina wema mmoja ambao simu haina: hakimwiti mtu. HakiliI shemeji yako akuombe pesa ukiwa kwenye kona, hakikuletei ujumbe wa kusoma. Unachagua nyimbo kabla ya kuondoka, unakiweka, kinaimba mpaka mwisho wa safari. Lakini wema huo unapatikana kwa chombo kizima tu. Kile kigonjwa ni kibaya kuliko simu, kwa sababu kinamwita dereva kila dakika: sauti imekatika upande mmoja, bonyeza, waya umelegea, tikisa, kioo kimeganda, bonyeza tena.

Fanya hesabu pamoja nami. Motokari inayokwenda kilometa 80 kwa saa inapita metre 22 katika sekunde moja. Ukitazama chini sekunde 3 tu kutafuta tundu la waya, umekwenda metre 66 kama kipofu. Katika barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, ndani ya metre 66 anaweza kuwamo mtu wa kinga mwenye mifuko ya makala, watoto wanaotoka shule, na kamio ya madini iliyoharibika bila alama nyuma. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: kutengeneza chombo hiki ni kazi ya motokari iliyosimama, mahali pa usalama, breki ya mkono imevutwa. Kama hakuna nafasi ya kusimama, kaa bila muziki. Hakuna mgonjwa niliyemwona aliyeletwa juu ya ukimya.

Sasa umesimama. Fanya kama tunavyofanya na mgonjwa: uliza, tazama, gusa, kisha toa dawa. Watu wengi wanaanza kwa kisu na bisibisi, na hapo ndipo chombo kinakufa.

Sauti ikitoka upande mmoja, au ikikatika kila motokari inapopita shimo, mgonjwa wa kwanza kushukiwa ni waya. Zungusha polepole kichwa cha waya ndani ya tundu lake. Kama sauti inarudi na kupotea, ni vumbi au kutu. Hapa kwetu vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, sembuse tundu lililo wazi! Zima kila kitu, pangusa kichwa cha waya kwa pamba yenye alkoli kidogo, ingiza na kuchomoa mara kadhaa, acha kikauke. Jaribu pia waya wa jirani kabla ya kununua kitu. Waya ni bei ndogo, na ni waya unaokufa mbele ya chombo.

Ugonjwa wa pili unajulikana na kila mtu: mlio kama wa mbu, unaopanda mtu akikanyaga esansi na kushuka akiachia. Watu wanafikiri chombo kimeoza. Hapana. Chomoa sharjeri kwenye prizi ya kuwashia sigara, acha chombo kiimbe kwa batri yake mwenyewe. Mlio ukinyamaza, umepata jibu: umeme wa motokari unarudi kwa njia mbili, kwa sharjeri na kwa waya wa sauti, na kelele ya altaneta inapita humo. Jaza batri nyumbani, usitumie sharjeri wakati wa muziki. Kama safari ni ndefu, mafundi wa redio wanauza kisanduku kidogo cha kutenganisha njia hizo mbili. Lakini usimruhusu fundi akate waya wa motokari kwa ajili ya mlio wa mbu.

Kama sharjeri haileti umeme hata kidogo, tazama fizibu. Kama imekatika, weka nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Yule anayeweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fizibu (nasi tunaoishi na shaba tunaona hilo ni jambo dogo) anapanga kuchoma motokari na watu wake. Wenye kamio wajue tena hili: kamio nyingi zina volti 24, motokari ndogo 12. Sharjeri iliyoandikwa 12 tu haifai kamio. Tafuta iliyoandikwa 12-24. Na kuna jambo moja la iPod linalowasumbua mafundi bure. Zile za zamani zilikubali kujazwa kwa umeme wa volti 12 kupitia prizi yao pana, na vifaa vingi vya motokari vya wakati ule vilitengenezwa hivyo. Nano na touch zilizotoka mwaka 2008 hazikuupokea tena umeme ule. Basi ukiona muziki unaimba vizuri lakini batri haijai, huenda hakuna kilichoharibika: kifaa na chombo si wa kizazi kimoja.

Wenye motokari zilizotoka Japan, zinazotufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, nanyi nina neno lenu. Mmenunua kile kisanduku cha kurusha sauti kwa FM, mmezungusha redio mpaka mkono unachoka, wapi. Sababu ni kwamba redio nyingi za Japan zinaanzia 76 na kukomea 90, na visanduku vingi vinarusha kuanzia 88 mpaka 108. Vinakutana kati ya 88 na 90 tu. Tafuta hapo mahali pasipo na kituo, panga namba moja, usiiguse tena. Na mama, sikieni vizuri: rimoti ndogo ya kisanduku hicho ina batri ya mviringo kama kidonge au sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumchoma vibaya ndani ya saa 2. Usimtapishe, usingoje itoke yenyewe. Mkimbize hospitali saa ileile, hata kama mtoto anacheza bado.

iPod ikiganda, sogeza kifungo cha kufunga upande wa kufunga, kisha rudisha. Halafu bonyeza kwa pamoja neno Menu na kifungo cha katikati, sekunde 6 mpaka 10, tofaa litaonekana. Nyimbo hazipotei. Lakini kama inalia tik-tik-tik ndani yake, ile kubwa yenye diski inayozunguka, barabara zetu zimeivunja moyo. Izime upesi, na ukifika nyumbani ijaribu mara moja kutoa nyimbo kabla haijafa.

Sasa jambo la hatari. Mgongo wa chombo ukivimba, kioo kikiinuka, au gurudumu likikataa kubonyezeka, ni batri inayojaa gesi. Hapo hakuna dawa ya kienyeji. Usiijaze umeme, usiibane irudi, usiitoboe, usiitie mfukoni. Itoe ndani ya motokari, iweke juu ya simenti au mchanga, mbali na nyasi na watoto, kisha mwite anayejua. Mwaka 2011 Apple yenyewe iliita zirudishwe nano za kizazi cha kwanza, zilizouzwa toka mwezi wa tisa 2005 mpaka mwezi wa kumi na mbili 2006, kwa sababu batri zao ziliweza kupata moto kupita kiasi. Na joto ndilo adui wa kila siku. Watengenezaji wa iPod waliandika kwamba isitumike katika joto la kupita digrii 35, wala isiwekwe mahali panapopita 45. Motokari iliyofungwa juani, ndani ya saa moja inaweza kupita joto la nje kwa digrii 20 au zaidi. Mwezi wa kumi kwetu, mbele ya mvua, hesabu mwenyewe. Usikiache mbele ya kioo. Wala mtoto usimwache humo, hata dakika tano.

Wengine wananiambia: muganga, mimi bila muziki wa nguvu nasinzia barabarani. Hapo tunabishana. Muziki hautibu usingizi, unaufunika kidogo tu, kama kitambaa juu ya kidonda. Mtu aliyetoka kazi ya usiku, macho mazito, asimame alale dakika 20, kisha aendelee. Na ekuteri masikioni wakati wa kuendesha, hata moja, mimi nasema hapana: honi ya kamio inataka masikio yako yote mawili.

Nimebakiza ugonjwa ambao watu wananiletea zaidi: chombo kimepungukiwa sauti. Mwenyewe anasema, zamani kilipiga kelele mpaka jirani akalalamika, leo kimekuwa dhaifu. Kwanza tazama chombo. iPod nyingi zina mahali pa kuweka mpaka wa sauti. Huenda mtoto ameugusa. Kama ilinunuliwa Ulaya, jua kwamba sheria ya Ufaransa iliweka mpaka wa desibeli 100, na Apple ililazimika kuufuata mwaka 2002. Pandisha chombo karibu robo tatu, kinachobaki pandisha kwa redio. Ukipandisha chombo mpaka mwisho, sauti inapasuka.

Umefanya yote hayo, na bado ni dhaifu? Basi ngoja kesho. Jioni, ukitoka kazini, pandisha muziki mpaka ukupendeze, kisha zima motokari bila kugusa kifungo cha sauti. Asubuhi, baada ya kulala, iwashe. Kama sauti inakurukia na unashtuka, chombo hakina ugonjwa. Ni masikio yako yaliyochoka jana.

Mashine ya kutobolea mwamba inapita desibeli 100. Hesabu inayofuatwa na NIOSH ya Marekani ni hii: kwa desibeli 85 sikio linavumilia saa 8 kwa siku, kwa 88 saa 4, kwa 91 saa 2, na kwa 100 dakika 15 tu. Mtu aliyetoa vifunika-masikio vyake kazini amekwisha kula posho ya sikio ya siku nzima mbele ya kufungua mlango wa motokari. Sikio lililochoka linasikia kidogo, kwa hiyo anapandisha sauti, na kwa kupandisha analipiga tena saa ambapo lingepumzika. Ndani ya kila sikio mna nywele ndogo sana za kusikia, karibu 15,000. Zikichoka zinainuka kesho yake, zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya hospitali yetu wala ya Ulaya inayoziotesha. Zinazokufa kwanza ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana unasikia gitaa la besi na ngoma, lakini bibi yako akisema nawe unasikia sauti bila maneno, na unamkasirikia kwamba ananong'ona.

Nashauri hivi. Kipimo cha sauti ndani ya motokari kiwekwe asubuhi, siku ya mapumziko, na mtu aliye kando yako, naye akuulize jambo bila kupaza sauti. Ukimjibu sawasawa, piga alama ya rangi kwenye kifungo, na jioni usiipite alama hiyo hata muziki ukionekana mdogo. Ukisikia mlio masikioni kitandani, au watoto wakisema unapandisha redio kila mwezi, njoo dispanseri tukupeleke kupimwa. Lakini usije ukitoka zamu, maana sikio lililochoka linadanganya mashine ya kupimia. Njoo asubuhi, mbele ya kazi, baada ya usiku mzima bila makelele wala muziki.